Milimita Anaziacha Shokapu za Mbele

Ijumaa ya tarehe ishirini na nane mwezi huu, fundi mkuu wa shokapu za mbele katika karakana yetu ya pikipiki za mashindano anastaafu, baada ya kazi ya miaka thelathini na mitatu na miezi minne. Aliajiriwa akiwa kijana wa miaka ishirini na sita mwenye nywele tele. Anaondoka na upara, miwani inayoning'inia shingoni kwa kamba, na goti la kushoto linalolia kila anapochuchumaa. Mara mbili ofisi ilijaribu kumhamishia idara ya injini, ambako sifa hazikosi, na mara zote mbili alirudi kimyakimya kwenye meza yake ya dirishani.

Mhariri wa jarida letu ameniomba mimi, fundi wa breki, niandike habari zake kwa sababu meza zetu zimepakana kwa miaka ishirini na miwili. Alisisitiza niandike kitu cha kuchangamsha. Nimejitahidi hadi pale nilipoweza.

Wengi humu ndani hawalijui jina lake kamili. Tunamwita Milimita. Jina hilo alipewa na seremala aliyemtengenezea kabati la vifaa. Milimita alilipima kwa rula yake ya chuma, akatangaza kwamba mlango mmoja umeshuka milimita moja na nusu. Seremala akavua kofia, akamtazama. "Bwana mkubwa, hili ni kabati, halikimbii." Karakana nzima ikacheka, na jina likamganda.

Nje ya kazi hakuwa na nafuu. Akiona pikipiki imeegeshwa mtaani, alikuwa akikandamiza usukani, anasikiliza jinsi unavyorudi juu, anasikitika, anaenda zake. Mara tatu wenye pikipiki walimkunja shati wakidhani ni mwizi. Shemeji yake alipenda kutusimulia kwamba siku ya harusi watu walimtafuta bwana harusi ukumbi mzima, kumbe yuko nje amepiga magoti na suti yake, anachungulia shokapu za gari lililomleta bibi harusi.

Kazi yake yenyewe inafaa ielezwe, maana wageni wanaotutembelea hupiga picha injini na kuipita meza yake. Shokapu za mbele ndizo zinazobeba pikipiki nzima dereva anapofunga breki, na ndizo zinazomwambia mkononi gurudumu linafanya nini chini. Milimita aliviringisha kila bomba juu ya kioo ili aone kama limepinda hata unywele. Alivisha ncha ya bomba mfuko laini wa nailoni kabla ya kupitisha sili, ile raba inayozuia oili isivuje, ili mdomo wake usikatwe. Alimimina oili, akalisukuma bomba juu na chini polepole mpaka hewa yote itoke, kisha akapima oili imefika wapi kutoka ukingoni, kushoto na kulia, na hakukubali tofauti. Alipozifunga kwenye vibano vya usukani na kupitisha ekseli ya gurudumu, hakukaza moja kwa moja. Aliikandamiza pikipiki mara tano, sita, aziache shokapu zijinyooshe zenyewe, ndipo akakaza. Nimeona mafundi wakiruka hatua hiyo wakiwa na haraka. Yeye sijawahi kumwona akiiruka.

Kwa namna hiyo alituletea vikombe kumi na kimoja. Alifundisha mafundi wanne, ambao wote sasa wanaongoza meza kama yake katika timu nyingine. Huenda ningeishia hapo, nikaongeza shukrani, na mhariri angefurahi.

Lakini miaka kumi na minne iliyopita tulikuwa na dereva aliyevaa namba tisa. Huyo ndiye shemeji niliyemtaja, mdogo wake mke wa Milimita, tumbo moja. Milimita ndiye aliyemleta kwetu, na ndiye aliyemfungia shokapu tangu mashindano yake ya kwanza. Walikuwa wakitaniana siku nzima. Shemeji akimkuta ameinama na rula alikuwa akiuliza kwa sauti, "Shemeji, dada yangu naye unampima?" Milimita alikuwa anajibu bila kuinua kichwa kwamba dada mtu alishapita ukaguzi, tatizo ni ukoo.

Msimu ule tulikuwa wa pili, nyuma kwa pointi nne, na zilibaki mbio mbili. Asubuhi ya mashindano shemeji alilalamika kwamba pikipiki ni nzito kuingia kona. Alitaka shokapu zipandishwe ndani ya vibano ili mbele ishuke na pikipiki igeuke upesi. Milimita alishazipandisha milimita nne. Shemeji alitaka sita.

"Nne inatosha," Milimita alisema. "Kona ya saba lami imeumuka. Ukipita pale kwa kasi mbele ikiwa chini hivyo, usukani utatikisika."

"Nitaushika."

"Hautashikika."

"Shemeji, naendesha mimi au wewe?"

Meneja wa timu alikuwa amesimama mlangoni na saa yake mkononi. Aliuliza kuna nini, akasikiliza pande zote mbili kwa muda usiozidi dakika, akasema dereva apewe anachotaka. Milimita akatazama huku na huku kama mtu anayetafuta wa kumuunga mkono. Mafundi tulikuwa watatu mle. Mimi nilikuwa na chupa ya oili ya breki mkononi. Nilijua anasema kweli, maana niliikagua kona ile kwa miguu yangu siku moja kabla, na kiatu changu kilijikwaa kwenye ule uvimbe wa lami. Nikaendelea kumimina oili.

Milimita akalegeza vibano, akazipandisha milimita mbili, akakaza. Akaandika kwenye daftari: sita, kwa amri. Akampiga shemeji yake kofi jepesi begani, na pikipiki ikasukumwa nje.

Mzunguko wa tisa, kona ya saba, usukani ulianza kutikisika. Tuliona kutoka mbali jinsi alivyojaribu kuushika. Alirushwa upande wa nje, pikipiki ikamfuata. Alikaa hospitali siku tatu, na siku ya tatu mchana akafariki bila kufungua macho. Milimita na mkewe walikuwa mmoja upande huu, mmoja upande ule wa kitanda.

Kamati ya mashindano ilipofanya uchunguzi, ofisi yetu ilikwisha kuandaa maelezo. Yalisema ni kosa la dereva: aliingia kona kwa kasi kupita kiasi. Karatasi ile ilimwokoa kila mtu. Ilimwokoa meneja, iliokoa jina la timu, na zaidi ya wote ilimwokoa fundi wa shokapu. Alichotakiwa kufanya ni kutia sahihi tu.

Aliisoma mara mbili, akavua miwani. "Hakuingia kwa kasi kupita kiasi," alisema. "Aliingia kwa kasi ileile ya siku zote. Kilichobadilika ni mbele, na aliyebadilisha ni mimi."

Meneja akamwambia taratibu kwamba hakuna anayemlaumu, kwamba alipewa amri.

"Mkono ulikuwa wangu. Nilijua, na nikakaza."

Akakataa kusaini. Alipeleka daftari lake mwenyewe kwa kamati, akalifungua kwenye ukurasa ule mbele ya watu wanane. Walimsimamisha mwaka mzima. Meneja aliondoka kabla ya msimu kwisha. Milimita aliporejea, alipewa kazi ya kuosha vyuma kwa miezi saba, mtu wa miaka arobaini na sita mwenye vikombe vyake kabatini, na vyuma hivyo aliviosha kama anavyofanya kila kitu.

Nyumbani ndiko kulikokuwa kugumu zaidi. Haya aliniambia mwenyewe, na ameniruhusu kuyaandika. Jioni ya siku ya mazishi mkewe alimuuliza swali moja tu: "Ulijua?" Akamjibu, "Nilijua." Mama yule akafunga nguo zake, akarudi kwa wazazi wake. Alikaa huko mwaka mmoja na miezi miwili. Siku aliyorudi aliingia jikoni, akainjika chai, akaweka vikombe viwili mezani. Namna walivyopatana hatuijui, wala si kazi yetu kuuliza. Ninachojua ni kwamba hajakanyaga tena uwanja wa mashindano wala karakana hii, na kwamba hapo mezani jina la mdogo wake hutajwa na yeye peke yake. Milimita humsikiliza hadi amalize.

Kutokana na daftari lile ndipo ilipozaliwa fomu ya kukataa, ile karatasi ya manjano iliyobandikwa juu ya kila meza humu ndani. Fundi akiona mpango si salama, anaijaza, anatia sahihi, na hakuna meneja wala dereva anayeruhusiwa kumpita. Timu nyingine tano zimeiga. Vijana wa leo wanadhani iliteremshwa na ofisi. Iliandikwa kwa mkono na mtu aliyekuwa anaosha vyuma, na alirudishiwa mara nne kabla ya kukubaliwa.

Mwezi uliopita aliitumia kwa mara ya mwisho. Binti anayetuendeshea namba kumi na saba alitaka shokapu zipandishwe, kwa sababu zilezile tulizozisikia zamani. Milimita akajaza fomu. Binti alikasirika, akatupa glavu, akasema mzee anataka kustaafu kwa amani kwa gharama ya wengine. Alikimbia na mpango wa Milimita, akamaliza wa saba, na akampita bila kumsalimia. Alikuwa mzima, miguu miwili, ana njaa na hasira. Hakuna atakayejua kama kungetokea lolote. Milimita alikusanya vifaa vyake, akafuta oili sakafuni. Nilimuuliza kama ameumia kwa yale maneno. Akasema, "Acha anichukie. Kesho atakuja kunichukia tena."

Sasa na mimi niseme langu, maana nafasi nyingine sitaipata. Katika miaka kumi na minne hii Milimita hajawahi kuniuliza kwa nini nilinyamaza asubuhi ile. Amenigawia chai, amenisimamia kwenye msiba wa baba yangu, amenirekebishia pikipiki ya mwanangu bila kuombwa. Ningetamani angeniuliza. Tulikuwa mafundi watatu, na kama sisi wawili wengine tungesema neno moja tu, huenda meneja angesita. Nilikuwepo na nilijua. Naandika hapa ili kwenye kumbukumbu za karakana hii mkono wake usiwe peke yake.

Rasimu ya ukurasa huu nilimpelekea aisome, kwa kuwa ni maisha yake. Aliisoma amesimama dirishani, polepole, huku kidole kikifuata mistari. Nilikuwa nimeandika mahali fulani kwamba yeye ni shujaa wetu. Akachukua kalamu, akaikata sentensi hiyo kwa mstari mmoja ulionyooka. Alipofika kwenye aya inayonihusu mimi, alirudi mwanzo wake, akaisoma upya. Kisha akanirudishia karatasi.

"Hii iache," akasema. "Mpelekee na mke wangu nakala."

Nimempelekea. Aliipokea mlangoni, akaisoma palepale nikiwa nimesimama, akaikunja mara nne, akaishika kifuani. Akaniambia Ijumaa atakuja kumchukua mumewe, na kwamba safari hii ataingia ndani.

Fundi, kwa niaba ya karakana nzima, asante kwa miaka thelathini na mitatu, ile iliyokuwa myepesi na ile uliyoibeba peke yako. Uende nyumbani salama, ukae na mkeo siku nyingi, na goti lako likuhurumie. Usingizi wako uwe mzito na chai yako iwe moto. Nasi unaotuacha, tutajitahidi kusema mapema.