Kazi Iliyokatazwa Kutajwa

Litukuzwe jina la Bwana, ndugu zangu, Yeye afichuaye yaliyositirika!

Mimi ni mwalimu wa fasihi, mjane, mkazi wa Ruhuwiko. Wengi wenu nimewafundishia watoto, na wengi mmenisikia nikikemea ulevi na uvivu bila kumwonea mtu haya. Sikusimama hapa kulia. Nimesimama ili jambo hili lisimpate mwingine.

Shule ya binafsi niliyofundisha ilipopunguza walimu, nilibaki nyumbani na vitabu vyangu. Niliomba kazi kila mahali, sikujibiwa. Ukosefu wa kazi katika umri wangu ni unyonge wa aina yake: vijana wanakuamkia shikamoo, kisha wanakuuliza siku hizi unafundisha wapi.

Ndipo akanipigia mtu aliyejiita Mtumishi Festo. Alisema shule moja kubwa ya nje ya nchi inatafuta mkutubi. Mkutubi! "Maktaba ya ghorofa mbili, mama, na funguo utashika wewe." Hakunifanyia usaili. Hakuniuliza hata kitabu kimoja nilichosoma. Aliniombea kwenye simu mpaka machozi yakanitoka, kisha akataka ada ya vipimo vya afya, pamoja na vyeti vyangu halisi, si nakala, nivitume kwa basi upesi kwa kuwa nafasi ni moja na wanaoitaka ni wengi.

Akaniwekea na sharti: "Usimwambie mtu, mama. Unawajua watu wa kwenu. Safari ikitajwa, inarogwa."

Ndugu zangu, sharti hilo ndilo lililoninasa! Nani kati yetu haijui desturi hii? Mtu wa huku akipata safari huifungia kinywani mpaka basi limeshafika Njombe. Majirani hushtukia mlango una kufuli. Jumapili tunaukemea uchawi, Jumatatu tunaficha baraka zetu kama watu walioiba. Tapeli yule hakuwa na haja ya kuleta kamba. Alikuta tumeshajisokotea wenyewe, akashika ncha.

Lakini Mungu wetu ni hodari! Jumamosi asubuhi ilikuwa zamu ya jumuiya yetu ya majirani kusali nyumbani kwangu. Bahasha yenye vyeti na ile ada ilikuwa juu ya kabati, tayari kwa basi la kesho yake. Mnaujua utaratibu wetu: kila mmoja hutaja haja yake kwa sauti, ili wengine waibebe katika sala. Zamu yangu ilipofika nikasema, "Mniombee afya."

Mama Komba, kiongozi wetu, akanikazia macho. "Afya gani, Mwalimu? Sauti yako ya kukemea inafika mpaka sokoni!"

"Labda amepata mchumba," akadakia mzee Haule, "anatuonea haya."

Wakacheka. Mimi nilishindwa. Biblia ilikuwa wazi mbele yangu, nami nilikuwa nikisema uongo. Nikaeleza yote.

Hapo hakuna aliyecheka. Mama Komba aliuliza neno moja tu: "Huko shuleni kwenyewe, nani amezungumza na wewe?" Nikamwambia hakuna. Naye akasema, "Basi mpigie huyo mtumishi. Weka sauti kubwa, tumsalimie sote."

Nikapiga. Swali lake la kwanza lilikuwa hili: "Mama, uko peke yako?"

"Niko na jumuiya nzima," nikamjibu. "Wanataka jina la shule na la mkuu wake, wampigie wenyewe. Halafu utuongoze katika sala."

Akakata. Nilipopiga tena, simu ilikuwa imezimwa.

Ndipo tukasikia kilio palepale katikati yetu. Alikuwa Anjela, muuguzi asiye na ajira, jirani yangu tunayetenganishwa naye na ua wa michongoma tu. "Mtumishi Festo," akasema, "ndiye aliyeniahidi kazi ya hospitali. Vyeti vyangu vilikwenda na basi wiki iliyopita."

Ndugu zangu, tulikuwa tukisalimiana juu ya ua ule kila asubuhi, kila mmoja na siri yake, kumbe siri ilikuwa moja! Mmoja wetu angefungua kinywa, vyeti vya Anjela vingekuwa nyumbani kwake leo.

Jumatatu tulikwenda polisi, jumuiya nzima, kisha ofisi ya mabasi. Bahasha yake ilikuwa imeshachukuliwa. Sitawadanganya kwamba imerudi. Anafuatilia apate vyeti vingine, na hatutamwacha atembee peke yake. Mimi bado naomba kazi, lakini kwenye ofisi yenye mlango na mtu wa kuulizwa.

Nasema kwa ukali kwa sababu nawapenda: kazi ya kweli haiogopi maswali. Mwajiri wa kweli atataka kukuona na kukupima; hatakutoza ili akuajiri, wala hatakuharakisha. Na anayekuamuru usimwambie mtu, hapo hapo amekwambia yeye ni nani.

Namshukuru Mungu aliyeniokoa kwa midomo ya majirani niliowaogopa! Najua humu ndani yupo mwenye ahadi kama ile katika simu yake, naye ameamriwa anyamaze. Ndugu yangu, mtumaini Bwana atendaye kazi mchana. Usitoke na siri hiyo mlangoni. Simama uitaje. Tunakusikiliza.