Darasa Alilolisusa Mwalimu Bartholomayo

Baba Paroko, ndugu waombolezaji, tumsifu Yesu Kristo, na kwa majirani zetu Waislamu, asalaam aleikum. Kwa niaba ya familia tunawasomea maisha ya mzee wetu, Mwalimu Bartholomayo Ndayisaba, ambayo yeye mwenyewe aliyasahihisha mapema kwa kalamu nyekundu, kwa hiyo mkisikia kosa, ni letu.

Alizaliwa tarehe 14 Agosti 1956 huko Rulenge, wilayani Ngara, mtoto wa tatu wa marehemu mzee Havyarimana na marehemu mama Eufrazia, wakulima wa migomba na kahawa, akasoma shule ya msingi papo hapo kuanzia 1965 hadi 1971, akahitimu ualimu mwaka 1975, na kuanzia Januari 1976 akafundisha Nemba, kisha Nyamigogo, wilayani Biharamulo, ambako wanafunzi wake wanakumbuka kwamba hata chai aliinywa akitembea.

Tarehe 11 Julai 1981 alifunga ndoa na mama yetu Speciosa, wakajaliwa watoto wanne, ambao wote tulisoma kwanza ndipo tukapewa uji.

Mwaka 1994, akiwa amehamia Ngara, alijitolea kufundisha watoto wa wakimbizi kutoka Rwanda pale kambini Benaco, watoto waliokalia mawe, bila daftari, wakigombea zamu ya kusoma ubaoni, na tunaweza kusema jambo hilo lilimharibu, kwa maana tangu hapo aliamini kila mtoto ana kiu kama ile.

Alistaafu Agosti 2016, lakini badala ya kupumzika kama mama alivyomsihi, Januari 2018 alivuka daraja la Rusumo kwenda Rwanda, kwa mpango wa parokia, kufundisha Kiswahili kwa kujitolea katika sekondari moja, darasa la vijana arobaini na watatu ambao hawakukitaka, wengine wakisinzia, wengine wakifanya hesabu chini ya dawati, wengine wakitazama malori yakipanda mlima, na kila Jumamosi alirudi nyumbani na madaftari matupu, akauzunguka ua akisema peke yake, tusijue anamgombeza nani, wao au nafsi yake.

Ijumaa ya tarehe 13 Machi 2020 alikuta hakuna hata mmoja aliyefanya zoezi, uvumilivu ukamwishia, akakiacha Kiswahili, akawaambia kwa Kihangaza, lugha inayokaribiana sana na yao, kwamba wao ni watu bure, kwamba wazazi wao walikuwa na njaa kambini na bado waliwazidi akili, na hilo ndilo somo pekee ambalo darasa zima lilielewa bila kuuliza. Akabeba mkoba, akasusa, na kabla hajafika darajani alikwisha kujuta, akaazimia kurudi Jumatatu kuwaomba radhi, lakini Jumatatu hiyo shule zilifungwa kwa sababu ya korona, na siku chache baadaye mpaka nao ukafungwa.

Miaka miwili mzee hakutulia, kila wiki alikwenda Rusumo kuuliza, hadi askari wakamzoea, wakimwamkia shikamoo na kumwambia bado, na mpaka ulipofunguliwa Machi 2022 alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuvuka, akakuta darasa limetawanyika, akaanza kuwafuata mmoja mmoja, mashambani, gereji, sokoni, akiwa na daftari la mahudhurio. Wa kwanza aliyempata alikuwa Nyirabahizi, akiuza parachichi, ambaye alimwambia, "Mwalimu, sisi tulidhani hukurudi kwa sababu yetu," na mzee alitusimulia hayo akilia, jambo ambalo hatukuwahi kuliona.

Alikwisha kuwafikia kumi na tisa wakati kisukari kilipomzidi, akakatwa mguu Novemba 2023, akafariki dunia Jumanne, tarehe 9 Septemba 2025, akiwa na umri wa miaka sitini na tisa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliovumilia kusahihishwa hadi kwenye faili lake, majirani waliochimba kaburi na kupika tangu juzi, na walimu wenzake wa Ngara na Biharamulo.

Ni desturi yetu, mahali kama hapa, kusema kwamba ikiwa marehemu alimkosea mtu yeyote, tunaomba asamehewe; yeye alikifuta kifungu hicho, akasema kwamba hakumkosea mtu yeyote bali watu anaowajua, akaandika majina ishirini na manne yaliyobaki, na sisi watoto wake tumekubaliana kwamba matanga yakiisha tutavuka kuwatafuta.

Mwalimu, kazi hiyo sasa ni yetu, pumzika kwa amani.