Basi la Bi Verna na Siku ya Kusogea

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Kamishna Delbert Quade, karani wako, na wewe dereva wa gari la kuvuta magari uliyesimama getini, kahawa ipo, sogea:

Sisi wakazi thelathini na mmoja wa Uwanja wa Mabasi, Juniper Flat, tunakukaribisha. Tulitamani uje siku nyingine, bila amri mkononi, lakini mgeni ni mgeni. Sasa ni saa tano na robo. Amri yako inaanza kazi saa sita, kwa hiyo hatutakuchosha kwa maneno mengi.

HISTORIA YETU

Tulianza miaka saba iliyopita na mabasi mawili ya shule yaliyonunuliwa mnadani. Leo ni kumi na moja. Kila mwenye basi aling'oa viti mwenyewe, akakwangua kutu, akatandika mbao, akatoboa paa kupitisha bomba la jiko la kuni. Rangi ya manjano ya mabasi ya shule tuliifuta, kama sheria inavyotaka. Ndugu Pakkala alipaka zambarau, hilo hatulitetei.

Kaunti ilitwambia kwamba gari lisilosogea siku kumi na nne ni jengo, na jengo lisilo na kibali huvunjwa. Ndipo tukaweka Siku ya Kusogea. Kila baada ya Jumamosi mbili mabasi yote husogea nafasi moja kuzunguka uwanja. Aliyekuwa jirani na vyoo anapata kutazama milima, na anayeringia milima anajua vyoo vinamngoja.

MAFANIKIO

Tuna umeme wa jua, kisima, na watoto sita walioko shuleni. Moto wa nyika ulipokuja mwaka juzi, tuliondoka wote kwa dakika ishirini, nyumba na sufuria zake. Majirani wenye nyumba za zege ndio waliokuja kulala kwetu.

CHANGAMOTO

Changamoto yetu ni moja, nayo imekaa safu ya mbele, ina koti la kijani. Ni Bi Verna Stokke. Aliendesha basi la shule katika kaunti hii miaka ishirini na sita, na alipostaafu akalinunua lilelile.

Mumewe, Mzee Orrin, alikuwa mgonjwa wa mapafu na moshi wa kuni ulimkaba. Bi Verna akayachepusha maji ya moto ya injini, yakapita kwenye mabomba chini ya kitanda cha mgonjwa ili kumpasha joto. Bomba likavuja, harufu ya dawa ya kuzuia maji ya injini yasigande ikamsumbua mzee, Bi Verna akaimwaga akajaza maji matupu. Mafundi wote hapa walimkataza.

"Nyie laleni na injini zenu," alitujibu. "Mimi nalala na Orrin."

Januari dizeli ikamwishia, injini ikazimika, maji yakaganda ndani yake kwa baridi, ikapasuka. Mzee Orrin alifariki Aprili, juu ya kitanda kilekile. Tulimpenda sana. Tangu hapo basi la Bi Verna husogezwa kwa trekta la Pakkala.

Amri mpya inasema kila basi lisogee kwa injini yake, ama likatwe chuma chakavu. Gari lililoko getini limemfuata yeye, na yeye hana nyumba nyingine.

Mgeni rasmi, tulipanga kukudanganya. Tungeliweka basi lake penye mteremko, tuachie breki, na Pakkala angurumishe injini yake nyuma ili usikie unachotaka kusikia. Jana Bi Verna akatuingilia mkutanoni.

"Nani katunga upuuzi huu?"

Pakkala ndiye aliyejikaza: "Bi Verna, ni hatua ishirini tu."

"Nimebeba watoto wa watu miaka yote hiyo, sijaachia breki mteremkoni hata siku moja. Nije nianze leo, kisa kamishna? Mwambieni ukweli, akichukia achukie."

Ukweli ndio huo tuliokwambia. Tunaogopa, na hatuoni haya kusema hivyo.

MAOMBI

Tuliandika maombi sita: barabara, taka, taa na mengineyo. Tumeyafuta matano. Tunaomba ufute maneno matatu katika amri yako: "kwa injini yake." Kalamu unayo, na karani wako ni shahidi.

Saa sita tutasogea kama kawaida. Basi la Bi Verna tutalisukuma kwa mikono, yeye akiwa kwenye usukani. Ukiona lazima gari la getini lifanye kazi yake, ametuagiza tukwambie kwamba hashuki. "Wakinivuta, wanivute nimekaa." Sisi wengine tutakuwa nyuma ya basi lake, mikono kwenye bati, na hatutaiondoa. Nafasi ya mtu mmoja zaidi tumeiacha, upande wa kulia, penye kivuli.

Mungu akupe afya na moyo mwepesi. Aibariki na nyumba yako, Mheshimiwa, ambayo hakuna aliyewahi kukutaka uisogeze.

Ni sisi,
Wakazi wa Uwanja wa Mabasi, Juniper Flat
Imesomwa na Marisol Ybarra, mchomelea vyuma na katibu