Nilishuka Morogoro Kumwacha Mume Wangu

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zangu. Nawasalimu wote, ninyi wa huku mlimani na ninyi mliopanda kutoka mjini na viatu vyenu safi. Mimi ni Agata, Mama Roza, mkulima wa hapa Mgeta. Macho yangu siku hizi hayaoni vizuri, lakini nililotendewa na Bwana wakati wa Mdachi, yaani Mjerumani, naliona kama limetokea wiki hii. Nimeomba nafasi niliseme kabla sijaitwa.

Niliolewa na Klementi muda mfupi baada ya reli kufika Morogoro. Alikuwa kijana mrefu, mpole, mwenye sauti nzuri kanisani. Kwetu Waluguru ardhi ni ya ukoo wa mama, basi yeye alihamia kwetu, akalima shamba la ukoo wangu. Mapadre walikuwa wametuletea mbegu za kabichi na viazi ulaya. Asubuhi tulilima pamoja, ukungu umetufunika hata hatuonani, naye ananiimbia ili nijue yuko upande gani. Ndugu zangu, nikizikumbuka asubuhi zile, hata baridi yake naitamani.

Siku moja alipeleka mzigo wa mboga stesheni, akaliona garimoshi linaingia. Aliporudi hakula. Baada ya wiki mbili alikuwa ameandikwa kazi ya kutia kuni katika tanuru la injini.

Mshahara wa kuanzia ulikuwa mdogo mno. Akishalipa kodi ya boma na chakula chake cha mjini, alichotuletea kilitosha chumvi na kipande cha sabuni. Wakubwa wake walimwambia avumilie, kila anayeanza huanzia chini, akiijua kazi ataongezwa, na labda siku moja atafundishwa kuendesha. Mwaka ukapita, na wa pili ukapita, Klementi bado ni yule yule wa kuni. Anakuja nyumbani mara moja kwa mwezi, nyusi zimeungua, viganja vina malengelenge, shati limetobolewa na cheche. Na bado anacheka. Hicho ndicho kilichoniudhi kuliko yote. Angelalamika ningemhurumia. Lakini yeye alikaa jikoni akimweleza Roza, mtoto wetu ambaye hata kutembea alikuwa hajajua, jinsi injini inavyopumua ikipanda mlima.

Dada yangu Monika alikuwa ameolewa na mchimbaji wa ulanga, yale mawe ya kung'aa yanayobanduka kama karatasi, ambayo Wadachi waliyapenda sana. Shemeji yule alikuwa na fedha. Kila sikukuu Monika alivaa kanga mpya, nami nilikaa nyuma yake kanisani nikihesabu maua ya kanga ile badala ya kufuata misa. Nilipiga magoti na wenzangu, lakini moyoni nilikuwa namsengenya mume wangu mbele ya Mungu.

Uchungu ule ulinikaa, ndugu zangu. Ulininyima usingizi, ukanikausha maziwa. Klementi akija nampa chakula bila kumtazama.

Ndipo mjomba wangu, kaka wa mama, aliyekuwa na kauli juu yetu wote, akaniita.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Mumeo shamba letu halimi, na fedha haleti. Sasa huyu ni mume wa kazi gani?"

Sikumtetea. Ningeweza kusema neno moja tu, sikulisema.

"Mpelekee jembe lake huko huko kwenye moshi," mjomba akasema. "Hapa hana shamba tena."

Nilijua maana yake: kumrudishia mume jembe ni kumwacha. Nilikumbuka pia maneno ya padre siku ya ndoa yetu, nikajifanya sikuyasikia. Nilimwacha Roza kwa mama yangu, nikalibeba jembe, nikateremka. Ilikuwa masika, njia zinateleza, mito imejaa. Nikalala kwa shangazi chini ya mlima, na asubuhi yake nikafika stesheni.

Karani akaniambia garimoshi la Klementi lilikwenda Ngerengere tangu jana, litarudi saa nne. Nikaketi na jembe langu, nikipanga maneno ya kumwambia. Saa nne ikapita. Mvua haikatiki. Karani akatoka chumba cha simu, uso umembadilika, akamwambia mnyapara wa reli kwamba maji yameivunja njia ng'ambo ya Kingolwira, na garimoshi halijulikani lilipo. Wafanyakazi wakachukua sepeto zao wakaanza kwenda kwa miguu. Hakuna aliyeniita. Nikawafuata.

Tulitembea juu ya mataruma ya reli, maji yakipita chini yetu. Nilitaka kusali Salamu Maria, maneno yakanikwama. Mtu anaanzaje kumwomba Mungu amlinde mume ambaye amekuja kumtupa? Mwishowe nikasema tu, "Bwana, mimi ni mwongo. Sikuja kwa sababu ya mjomba, nimekuja kwa sababu ya kanga za Monika. Mpe uzima Klementi, hata kama hatanitazama tena."

Ndugu zangu, nawaambia kweli. Nilikuwa bado sijamwona, sijui kama yu hai au amekufa, lakini ule uchungu wa miaka miwili ulinitoka pale pale. Nilisikia kifua kimekuwa chepesi. Nililia, lakini hakikuwa kile kilio cha zamani.

Tulipofika, reli zilikuwa zinaning'inia hewani kama kamba ya kuanikia nguo, udongo wote umekwenda na maji. Na ng'ambo, hatua chache tu kutoka kwenye pengo lile, injini imesimama, inatoa moshi polepole. Abiria wameketi majanini, wazima wote. Mzee mmoja alitupigia kelele kutoka ng'ambo kwamba mtia kuni ndiye aliyechungulia mvuani, akayaona maji yanapenya kwenye tuta la reli, akamshika dereva mkono.

Klementi alishuka korongoni, akavuka maji yaliyomfika kiunoni, akapanda upande wetu.

"Mama Roza, kuna nini? Mtoto mzima?"

"Mzima."

Akaliona jembe. Hakuwa mjinga.

"Ni mjomba?"

"Ni mjomba, na mimi pia," nikasema. Nilikuwa nimechoka kudanganya.

Akajifuta masizi, akazidi kujipaka. "Mbona hukuniambia kwamba unaumia hivyo? Mimi nilidhani ukiniona nafurahi, na wewe utafurahi."

"Unafurahia nini, Baba Roza? Wanakulipa hela za chumvi."

"Sijui kukueleza. Ukae, uone."

Akalichukua jembe mkononi mwangu, akaenda kuchimba udongo pamoja na wenzake. Siku mbili walijaza tuta lile. Mimi nilibeba udongo kwa kikapu pamoja nao.

Njia ilipotengenea, abiria waliambiwa wavuke kwa miguu, nami nikamfuata Klementi ng'ambo hadi kwenye injini. Dereva alikuwa Mdachi mzee, asiyesema sana. Alinitazama, akamtazama Klementi, akasema, "Bwana yako macho mazuri. Panda, mama."

Nikapanda. Joto lilinipiga usoni. Nikamwona mume wangu akitia kuni huku ametega sikio, kama ninavyotega mimi kusikia pumzi za mtoto mgonjwa. Dereva hakuisogeza injini mpaka Klementi alipoinua mkono. Tukavuka taratibu, tuta likitetemeka chini yetu, nami nimeshika rozari. Tulipofika salama, aligeuka akanitazama, na meno yake tu ndiyo yaliyokuwa meupe. Kisha mawingu yakafunguka, nikaiona Uluguru yote kwa pamoja, imeoshwa, maporomoko yanametameta kila mahali. Nilizaliwa ndani ya milima ile, na sikuwahi kuiona kwa mbali. Klementi alinionyesha kwa kidole.

Niliporudi nilimwambia mjomba, "Sehemu ya Klementi nitailima mimi." Alikasirika msimu mzima, kisha akazoea. Mshahara uliongezwa kidogo, si kama tulivyoota. Kabla ya vita walianza kumfundisha kuendesha pale stesheni, mbele na nyuma, mbele na nyuma. Vita ilipofika, Wadachi wakaziharibu injini wenyewe wakikimbia, naye alilia kama aliyefiwa. Akarudi Mgeta, tukalima viazi pamoja mpaka Bwana alipomwita. Hata leo nikipita palipochomwa kuni mbichi, nasimama.

Ndugu zangu, kama yupo hapa mwenye uchungu na mwenzake, asingoje kufika nilikofika mimi. Amwambie Bwana ukweli wake wote, hata ule wa aibu. Mimi nilimwambia nikiwa nimelowa, katikati ya reli, sina neno hata moja zuri, na alinisikia. Ashukuriwe siku zote.