Protoni Zinakaaje Pamoja?

Ndugu zangu waumini, mnanijua. Nyinyi mkisema amina, mimi nauliza kwa nini. Leo sina swali. Nina jibu lililochelewa.

Mwaka 2007 nilitoka chuo kikuu na shahada ya kemia, nikapata kazi katika shule ya kutwa nje ya Nakuru. Kidato cha kwanza waliimba elementi ishirini za kwanza, haidrojeni hadi kalsiamu, nami nikaona nimefundisha. Kisha ikaja ile Januari, majirani wakafukuzana baada ya uchaguzi. Sina haja ya kuwasimulia, wengi wetu tulikimbia pamoja. Nyumba niliyopanga iliungua na vitabu vyote, nikajikuta kwenye hema uwanjani, nimelala mchana kutwa nikitazama turubai.

Hema la jirani lilikuwa la mama mmoja na binti yake, mwanafunzi wangu. Asubuhi moja msichana akasimama mlangoni.

"Mwalimu, ulisema protoni zote ni chanya. Na chaji zinazofanana zinasukumana. Sasa hizo protoni zinakaaje pamoja pale kwa kiini?"

Ndugu zangu, nawaambia, kwa swali kama hilo mwalimu humnunulia mtoto soda. Mimi nilijifunika blanketi. "Enda ucheze. Hakuna shule."

Akarudi kesho yake. "Nauliza tu, mwalimu."

Nikamwambia vinavyosukumana havikai pamoja, kwani hajajionea mwenyewe? Hakurudi tena.

Siku chache baadaye nikamwona mama yake akichambua maharagwe peke yake. Nikamuuliza binti yuko wapi.

"Ameenda Mai Mahiu, anaosha vyombo kwa hoteli ya madereva wa malori. Si ulimwambia hakuna shule?"

Kulala ndani ya blanketi kulinishinda siku hiyo. Nilichukua mgao wangu wa githeri, mahindi na maharagwe, nikachora maduara matatu kwa jivu mbele ya hema, nikaita watoto. Katikati nikarundika maharagwe kumi na moja, hizo protoni, na mahindi kumi na mawili, nyutroni. Kwenye maduara nikapanga kokoto ziwe elektroni: mbili, nane, moja.

"Hii ni sodiamu. Hii kokoto ya nje, iliyo peke yake, ndiyo inayochukuliwa na klorini, tunapata chumvi."

"Wee mwalimu!" Mama yule alikuja na mwiko mkononi. "Unamwaga githeri chini?"

"Naazima tu, mathe. Nitaosha."

"Na jioni utakula nini, sodiamu?"

Watoto walivunjika mbavu. Nami nikacheka, mara ya kwanza tangu Januari. Mama akanitazama, akaingia hemani, akatoka na konzi ya maharagwe yake. "Haya, tengeneza ingine kubwa. Hao wa nyuma hawaoni."

Tukaendelea hivyo kila asubuhi. Waliotengeneza atomu zenye kokoto moja ya nje walisimama safu moja: lithiamu, sodiamu, potasiamu. Wakajionea kwa nini hizo ni ndugu kwa tabia. Wimbo wangu haukuwahi kuwaonyesha hilo.

Shule zilipofunguliwa nilishuka Mai Mahiu kumwita yule msichana.

"Sasa, mwalimu! Nikuletee chai?"

"Turudi shule."

Akapangusa meza. "Mathe anategemea hii kazi. Labda mwaka ujao." Kisha akasita. "Na lile swali langu?"

Nikamjibu pale pale. Ndani ya kiini, vitu vikiwa karibu sana, kuna nguvu nyingine inayoshinda kule kusukumana. Ukivitenganisha kidogo tu, haifiki. Na nyutroni huongeza kushikana bila kuongeza kusukumana.

Alisimama na kitambaa mkononi. "Ni hivyo tu? Si ungeniambia."

Ni hivyo tu, ndugu zangu. Jibu fupi kuliko kumenya kiazi.

Leo nafundisha tena. Nawashukuru waliotupatia mahema, na zaidi yule mama aliyetoa maharagwe yake kwa watoto wa wengine, wake akiwa mbali. Binti bado yuko Mai Mahiu. Kwa hiyo nawaomba: mtoto akikuuliza, usingoje upone kwanza. Mjibu ukiwa ndani ya hilo blanketi lako.