Kwaya ya Kumzika Mwigizaji

Eliakunda alikuwa amefungua kitabu tangu basi litoke kitongoji cha Tonawanda, huko ughaibuni, lakini wanawake wawili wa Kikongo waliokaa mbele yake walikuwa wakibishana juu ya maiti, na hakusoma hata ukurasa.

"Yaya Chimène, kwaya yako ije kesho tumuzike ule mama muzungu. Hana mutu," alisema mdogo, Nsimire, aliyevaa sare ya nyumba ya wazee, akimwita mwenzake dada mkubwa kwa lugha ya kwao. "Wakati wa vita ya pili ya dunia alikuwa mwigizaji mukubwa."

"Mukubwa wapi? Ile filme si ulinionyesha? Anafungua mulango, anasema, 'Simu yako, bwana,' anafunga. Filme ikaendelea bila yeye." Eliakunda, mwalimu wa hisabati, hakuona kasoro katika hoja hiyo.

"Lakini basoda balibeba picha yake mufukoni, kule vitani."

"Akiwa na nguo ya kuogelea! Donc kwaya ya Bwana iimbie mapaja?"

"Mapaja gani, yaya? Mama wa miaka mia na moja! Ni mimi nilikuwa nayaogesha."

Chimène alikohoa kidogo, kisha akabadilisha silaha. "Bon. Na kwenye matanga, nani atakaa chini batu bamupatie pole?"

"Mimi."

"Wewe, mutoto wa muzungu?" Alicheka mpaka dereva akatazama kiooni.

Nsimire akavuta kamba ya kengele, akasimama. "Mukikataa, nitaimba peke yangu."

"Na hiyo sauti yako?"

"Iko mubaya, yaya. Lakini itakuwa pale."

Basi likasimama.