Kadi Ndefu, Kasha Fupi

Mbele yangu kwenye basi, mama mmoja alipakata kasha tupu la kompyuta. Kijana aliyeketi naye, wala hawajuani, akaomba kuiona kadi ya grafiki aliyoinunua mama huyo, akaipima kwa shubiri. “Mama, hii haiingii humo. Kachukue fupi.”

“Fupi ndiyo iliyofanya wajukuu wanishinde mbio za magari kwenye kompyuta. Mimi fundi cherehani, mwanangu. Nguo ikimbana mteja, simkati mteja.”

“Lakini hilo ni bati, si kitambaa!”

“Shemeji yangu anachomelea mageti.”

Kijana akashika kichwa, utadhani anayechomelewa ni yeye. Basi likasimama, mama akashuka na kasha lake. Kijana, ambaye kituo chake tulikwishakipita, akashuka nyuma yake na kadi mkononi, bado anabisha.